Lenzi ya mtoto wa jicho: maswali ninayoulizwa kila siku kuhusu kuchagua lenzi ya kuwekewa

Mimi siyo daktari. Ni binti wa fundi cherehani wa Tanga aliyefanyiwa mtoto wa jicho macho yote mawili, jicho la kwanza bila kuuliza chochote na la pili baada ya kuuliza kila kitu, na tangu siku hiyo ndugu, majirani na wateja wa mama wananipigia kabla hawajampeleka mzee wao hospitali. Nimeyaandika hapa yale yanayojirudia, nimeyapitia na daktari wa macho aliyemfanyia mama jicho la pili. Uamuzi wa mwisho ni wako na daktari wako aliyeliangalia jicho lenyewe.

Kwani lenzi ni lazima? Si watoe tu ule utando basi?

Hapa wengi tunakosea, maana tunadhani mtoto wa jicho ni kitu kimeota juu ya jicho kinakwanguliwa. Hapana. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kila mtu kazaliwa na lenzi yake safi kama maji, na umri ukienda (au kisukari, au jicho kuumia, au dawa za steroidi za muda mrefu) ile lenzi yenyewe inapata ukungu. Kwa hiyo kinachotolewa ni lenzi, na ukiitoa bila kuweka nyingine jicho linabaki na pengo, haliwezi kukusanya mwanga sawasawa. Wazee wa zamani waliofanyiwa bila kuwekewa lenzi ndo wale mliowaona na miwani mizito kama kitako cha chupa, ya daiopta 10 hivi (daiopta ndo kipimo cha nguvu ya lenzi), wakiivua wamerudi gizani.

Lenzi ya kwanza kuwekwa ndani ya jicho la mtu aliiweka Harold Ridley, London, hospitali ya St Thomas', tarehe 29 Novemba 1949. Alikuwa amewatibu marubani wa Vita vya Pili vya Dunia walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya kioo cha ndege, akaona mwili haukuvikataa vile vipande, ndo akatengeneza lenzi ya plastiki ya aina hiyo hiyo. Madaktari wenzake wengi walimpinga miaka na miaka. Leo hiyo ndo kazi ya kawaida kuliko zote kwenye chumba cha upasuaji wa macho.

Mbona mimi niliambiwa tu "tutakuwekea lenzi", nachagua nini hapo?

Unachagua vitu viwili, na watu wengi wanakijua kimoja tu. Cha kwanza ni aina ya lenzi. Cha pili ni namba, yaani lenzi ipangwe ikuonyeshe vizuri wapi, mbali au karibu. Usipouliza, mara nyingi utapangiwa mbali, kwa sababu ndivyo wengi wanavyotaka. Lakini je, na wewe ndivyo unavyotaka?

Aina zenyewe ni zipi?

Iliyozoeleka ni monofokali, yaani ya umbali mmoja. Ikipangwa mbali utaona basi linakuja, utamtambua mtu ng'ambo ya barabara, ila kusoma, kushona, kuchambua mchele na kuandika meseji utavaa miwani ya kusomea. Ndo lenzi wanayowekewa watu wengi zaidi duniani na picha yake ni safi sana, naomba mtu asikudanganye kwamba ni lenzi ya maskini.

Kuna toriki. Hii ni ya mtu ambaye konea yake, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, haikuviringana sawasawa, ile hali ya astigmatizimu, kuanzia kama daiopta 1 kwenda juu. Inawekwa kwa pembe maalumu na lazima ibaki kwenye pembe ile ile, maana ikizunguka digrii 30 faida yake yote imekwisha. Kwa hiyo ukiambiwa unahitaji toriki uliza pia wanaweka alama ya pembe vipi kabla ya kukupasua.

Kuna multifokali, inayogawa mwanga ili uone mbali na karibu bila miwani. Na kuna za kati, zinazorefusha masafa ya kuona, utaona mbali na umbali wa mkono kama skrini ya kompyuta au dashibodi ya gari, ila maandishi madogo bado huenda ukahitaji miwani kidogo.

Ya bei kubwa si ndo bora? Nataka mama yangu apate kitu kizuri.

Najua hiyo hamu ya kumfanyia mzazi kitu kizuri, mi mwenyewe nilitaka hivyo hivyo. Lakini multifokali haikuongezei mwanga, inagawa ule ule ulionao, huku kiasi na kule kiasi, kwa hiyo rangi na vivuli vinapungua ukali kidogo na usiku taa zinakuwa na duara la mwanga kuzizunguka. Wengi wanazoea baada ya wiki au miezi kadhaa, wengine hawazoei kabisa. Kijana wa bodaboda anayefanya kazi usiku, dereva wa lori la masafa, mvuvi anayetafuta taa za pwani gizani, hao mi nisingewashauri hata kama hela ipo. Mtu wa mezani anayechukia miwani, jicho zima halina ugonjwa mwingine na yuko tayari kuvumilia yale maduara, huyo inaweza kumfaa sana.

Na jingine, multifokali inataka kipimo kilichonyooka kabisa. Namba ikikosewa kidogo kwenye monofokali unavaa miwani unaona vizuri. Ikikosewa kwenye multifokali umelipa hela nyingi na bado unavaa miwani.

Mama ana kisukari, baba ana presha ya macho, je?

Mtoto wa jicho wanafanyiwa na lenzi wanawekewa. Ila presha ya macho iliyokwisha kuharibu mshipa wa jicho, au kisukari kilichoshagusa retina (ule utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea picha), au uzee wa retina ya katikati, hao kwa kawaida madaktari wanawaepusha na multifokali kwa sababu jicho lao tayari limepungukiwa uwezo wa kutofautisha vivuli, ukiugawa tena mwanga unamwongezea shida. Monofokali ndo salama yao. Na retina ichunguzwe kabla, ikiwezekana, kama ukungu ni mzito mno wataangalia kwa altrasaundi. Maana lenzi nzuri mbele ya retina mbovu haitakurudishia kusoma gazeti, na hilo ni bora uambiwe kabla ya kulipa.

Lenzi ngumu na ya kukunjwa tofauti yake nini?

Ngumu ni ya plastiki ile ya akina Ridley, upana wake kama milimita 6, kwa hiyo tundu la kuipitishia nalo linafika huko. Ya kukunjwa ni ya akriliki laini, inaviringishwa ikapitishwa kwenye tundu la milimita 2 na kitu mpaka karibu 3, ikifika ndani inajikunjua yenyewe. Ya kukunjwa inaendana na upasuaji wa mashine, ile fako, na kidonda kidogo kinapona haraka na hakipindishi konea sana. Lakini ule upasuaji wa mkono wa tundu dogo lisiloshonwa, unaofanywa sana huku kwetu, kwa mtoto wa jicho aliyekomaa akawa mgumu mweupe au kahawia, unatoa matokeo mazuri sana mkononi mwa mtu aliyeuzoea. Mi ningemchagua daktari kwanza ndo nifikirie mashine.

Bei ya lenzi ngumu ilishuka sana baada ya kiwanda cha Aurolab kuanzishwa Madurai, India, mwaka 1992, chini ya mfumo wa hospitali za Aravind. Kabla ya hapo lenzi moja peke yake ilikuwa mzigo kwa mtu wa kawaida, baadaye zikapatikana kwa chini ya dola 10. Kwa hiyo ukisikia lenzi imetoka India na ni rahisi usishtuke, uliza tu imesajiliwa na tarehe yake haijapita.

Kipimo cha lenzi kinapimwaje, na kwanini unakisisitiza hivyo?

Kwa sababu hapa ndo mambo yanapoharibikia na mgonjwa hajui. Jicho la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 23 na nusu kutoka mbele mpaka nyuma, lakini kuna wenye jicho fupi na kuna wenye jicho refu, hasa wale waliovaa miwani ya kuona mbali tangu shule. Lenzi inachaguliwa kwa hesabu ya vitu viwili vikuu, urefu wa jicho na mviringo wa konea, na kazi hiyo inaitwa biometria. Ukikosea urefu kwa milimita moja tu, unakosea namba kwa daiopta 2 na nusu mpaka 3 hivi. Hiyo ni miwani nzima!

Kuna mashine za mwanga, haziligusi jicho na ni sahihi sana, ila ukungu ukiwa mzito mwanga haupiti, na huku kwetu wazee wengi wanafika wakiwa wameshakomaa hivyo, basi inatumika altrasaundi. Altrasaundi ya kugusa inategemea mkono wa anayepima, akilikandamiza jicho linaonekana fupi kuliko lilivyo, hesabu inatoa lenzi kali mno, na mgonjwa anatoka akiona karibu tu mbali ukungu. Kwa hiyo uliza bila woga: macho yote mawili yamepimwa? Majibu ya mara kadhaa yanafanana? Macho mawili yakitofautiana sana urefu bila sababu inayojulikana, waombe warudie. Hakuna mhudumu makini atakayekasirika kwa hilo.

Kama unavaa lenzi za kuvaa juu ya jicho, zivue siku kadhaa au wiki kabla ya kupimwa kadiri watakavyokuambia, maana zinabadilisha mviringo wa konea.

Nimwambie nini daktari ili anichagulie vizuri?

Mwambie macho yako yanafanya kazi gani kuanzia asubuhi mpaka usiku. Nakueleza kilichomkuta mama.

Mama tangu ujana anaona karibu vizuri na mbali hafifu, miwani yake ilikuwa ya kutoa 2 na nusu, yaani -2.5. Ya kuona mbali aliivaa akienda sokoni au harusini, akikaa kwenye cherehani anaivua, anatunga uzi kwenye sindano kwa jicho tupu, miaka 40. Jicho la kwanza tulimpeleka hospitali moja, sitaitaja, wakampima wakampasua, upasuaji wenyewe haukuwa na kasoro. Kesho yake bandeji inatolewa akaona mnara wa msikiti mpaka spika zake, tukashangilia. Jioni akakaa kwenye cherehani. Sindano haioni. Akalia, akasema wameniharibia jicho, na mimi sikuwa na la kumjibu.

Hakuna aliyekuwa amemharibia. Walimpangia mbali kama wanavyopangiwa wengi, ila hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani, na hakuna aliyemwambia kwamba ule uwezo wa kuvua miwani na kuona karibu, aliozaliwa nao, unaondoka. Lingekuwa swali moja tu, mama unashughulika na nini, na mimi nimesimama pale pembeni ningejibu.

Jicho la pili tulienda kwa daktari mwingine, akamuuliza hilo kabla hajagusa chochote, akampimia sindano iko umbali gani na uso anaposhona, halafu akampangia lile jicho libaki na namba ya kutoa 1 na robo tatu. Sasa jicho la kulia linaona mbali, la kushoto linashona. Kwa uzi mwembamba sana bado anavaa kamiwani, na anasema hilo linamtosha.

Kwa hiyo sema: nashona, nasoma Msahafu au Biblia kila siku, naendesha usiku, nauza duka naangalia noti, nalima, nakaa kwenye kompyuta. Sema pia kama unachukia miwani au hujali. Mzee aliyevaa miwani miaka 50 mara nyingi hajali kabisa, msimlazimishe gharama kwa kitu ambacho hakimsumbui.

Jicho moja mbali na lingine karibu, si nitapata kizunguzungu?

Wapo wanaosumbuka, ndo maana inajaribiwa kabla kwa miwani au lenzi ya kuvaa kama jicho bado linaona kiasi cha kujaribu. Tofauti ndogo, ya daiopta 1 na robo hadi 1 na nusu, wengi wanaizoea bila hata kuihisi. Ikizidi 2 ubongo unaanza kulalamika na kukadiria umbali, kama kushuka ngazi au kumimina chai kwenye kikombe, kunakuwa kazi. Kinachonifurahisha kwa njia hii ni kwamba inafanyika kwa lenzi mbili za kawaida za monofokali, bei ile ile. Mara nyingi haitajwi mpaka uulize.

Nisubiri mtoto wa jicho aive kwanza?

Hapana, hiyo ilikuwa zamani. Fanya pale anapoanza kukuzuia kazi zako. Akikomaa sana anakuwa mgumu kutoa na hata kipimo cha mwanga kinashindikana, kama nilivyosema.

Kambi ya macho ya bure imekuja wilayani, nimpeleke?

Mpeleke! Mzee asiyeona kabisa akarudishiwa kuona ni neema, nisingemwambia mtu angoje lenzi fulani ya mjini huku anaongozwa kwa fimbo na mjukuu ambaye angekuwa shule. Uliza tu kama wanapima biometria au wanaweka namba ya wastani kwa wote. Namba ya wastani, kama daiopta 21, inamfaa mwenye jicho la wastani. Aliyekuwa na miwani mikali ya kutoa tangu utotoni, huyo jitahidi apimwe, kwa sababu wastani utamwacha na ukungu mkubwa. Ukienda mwambie mhudumu mapema na ubebe ile miwani yake ya zamani, inasema mengi.

Na gharama na bima?

Siandiki bei maana zinatofautiana kila hospitali na kila mwaka. Omba mchanganuo: lenzi shilingi ngapi, upasuaji ngapi, dawa za matone na marudio ngapi. Bima ikikubali mara nyingi inalipa lenzi ya kawaida, na ukitaka toriki au multifokali tofauti unaongeza mfukoni, ila wapigie mwenyewe kabla usingoje kuambiwa dirishani siku ya upasuaji. Hospitali zenye idara kubwa za macho, kama CCBRT Dar, KCMC Moshi, au Kikuyu kule Kenya, zinafanya kazi hii kwa wingi, na penye wagonjwa wengi kwa kawaida pana namba nyingi za lenzi stoo. Hilo nalo ni swali zuri, lenzi ya namba yangu ipo au nitapewa iliyo karibu nayo?

Natumia dawa ya tezi dume, inahusu nini na jicho?

Inahusu sana. Tamsulosini na ndugu zake zinafanya ile sehemu ya rangi ya jicho ilegee na mboni isinyae katikati ya upasuaji. Daktari akijua anajiandaa, asipojua anashtukizwa. Mwambie hata kama uliiacha zamani. Wazee wetu wanaona haya kuitaja mbele ya binti yao, kwa hiyo mtoke nje kidogo mumwache aongee na daktari.

Namba ikikosewa lenzi inabadilishwa?

Inawezekana, na ni rahisi zaidi wiki za mwanzo kabla haijashikana na kifuko chake, lakini ni upasuaji mwingine wenye hatari zake. Kosa dogo linamalizwa na miwani. Usikimbilie kupima miwani siku ya tatu, jicho bado limevimba, ngoja kama wiki 4 hadi 6.

Lenzi inakaa miaka mingapi? Mtoto wa jicho anarudi?

Lenzi inakaa maisha yako yote, haiozi, wala huisikii. Mtoto wa jicho hawezi kurudi kwa sababu lenzi yake imeondoka. Kinachotokea kwa baadhi ya watu, baada ya miezi au miaka, ni kile kifuko cha nyuma kinachoishikilia lenzi kupata ukungu, mtu anasema "umerudi". Kinafunguliwa kwa leza ya YAG, dakika chache, hakuna kisu, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kusujudu, udhu, moshi wa kuni?

Wiki ya kwanza mpaka ya pili daktari wengi wanakataza kuinama kichwa chini na kubeba vizito, kwa hiyo mzee aswali amekaa kwenye kiti, na aulize kwake hasa ni siku ngapi. Maji ya bomba yasiingie jichoni, uso ufutwe kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Jikoni kwa kuni apike mtu mwingine, mama alihamishiwa sebuleni kwa nguvu. Matone yaendelee mpaka tarehe waliyoandika, hata kama jicho limekuwa jeupe zuri. Jicho likianza kuuma, likawa jekundu zaidi na kuona kukashuka badala ya kupanda, usingoje kesho wala Jumatatu, rudi hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Mtoto wangu mchanga kaambiwa ana mtoto wa jicho, lenzi hizi hizi?

Hii ni dharura tofauti na ya wazee. Mtoto asipoona mapema ubongo wake haujifunzi kuona, kwa hiyo usisubiri akue. Jicho lake linazaliwa na urefu wa milimita 17 hivi na linaendelea kurefuka, ndo maana wa miezi michache mara nyingi hawawekewi lenzi papo hapo, wanapewa miwani kwanza, na wakubwa kidogo wanawekewa namba pungufu ili jicho likikua liifikie. Miwani lazima, na kliniki miaka mingi. Nenda kwenye hospitali yenye daktari wa macho wa watoto hasa.

Nikitoka nidai karatasi gani?

Kila lenzi inakuja na stika yenye aina, namba ya daiopta na namba yake ya usajili. Moja inabandikwa kwenye faili, nyingine omba wakupe kwenye kadi, maana siku ya jicho la pili, au ya leza, au ukihamia mji mwingine, daktari mpya ataanzia hapo. Ya jicho la kwanza la mama hatukupewa, tulirudi mara mbili kuitafuta. Zote mbili sasa ziko kwenye kopo la vifungo, kando ya cherehani, pamoja na kamiwani kake ka uzi mwembamba.